BONDE LA DOURO HALIKUPENDELEWA

 

Kilichonifanya nishike kalamu ni kalenda. Si mnaijua ile kalenda iliyotundikwa katika chumba cha Jiografia, ile yenye picha za mito ya dunia? Ukurasa wa Septemba una picha ya bonde la mto Douro, kule Ureno. Mto umejikunja kama nyoka aliyeshiba. Milima ya pande zote mbili imechongwa ngazi ngazi, toka ukingo wa maji hadi juu kabisa, na kila ngazi imepandwa mizabibu. Kusema kweli, ni picha ya kumfanya mtu asahau njaa.

Basi siku moja, kabla ya kengele ya chakula cha mchana, mwenzetu mmoja aliikodolea macho picha hiyo, akaguna, akasema: "Hawa watu Mungu aliwapendelea, bwana. Sisi alitupa mawe." Darasa zima likaangua kicheko. Mimi pia nilicheka, sitaki kujitoa. Lakini jioni, nilipoketi na vitabu vyangu, neno lile lilinikereketa kama mwiba wa samaki kooni. Nikajiuliza: ati ni kweli? Yaani kuna watu waliopewa bonde zuri bure, na wengine wakapewa mawe?

Nikaenda maktaba. Nikafungua atlasi, nikasoma juu ya mto huo wiki moja, mbili, tatu. Na leo nasema bila kigugumizi: bonde la Douro halikupendelewa. Lilipewa mawe, jua kali na ukame. Uzuri tunaouona pale ulijengwa kwa mikono, na usipotunzwa utaanguka. Haya ndiyo maoni yangu, na nitayatetea.

Lakini kabla sijaenda mbali, walimu wangu msinikunjie uso. Najua bonde hilo ni la mvinyo, na najua sheria za shule. Simwiti mtu akanywe. Ninayemsifu ni mkulima, na ninachokichunguza ni ardhi. Anayesoma habari za mkonge si lazima awe amefungwa kamba!

Tena, kwa sisi wapenzi wa Kiswahili, jambo hili si la mbali kama linavyoonekana. Vasco da Gama alifika Mombasa na Malindi mwaka wa 1498, na Wareno wakaanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka wa 1593. Walituachia maumivu, lakini walituachia maneno pia. Meza ni neno lao. Bendera ni lao. Leso ni lao. Na hili neno "mvinyo" lilitoka kwao vilevile, wao husema "vinho". Hata "pipa" tunalotekea maji ni neno lao. Kule Douro mpaka leo wakulima huhesabu mvinyo wao kwa pipa, na pipa moja ni lita 550. Kumbe tumekuwa tukilitaja bonde hilo jikoni mwetu bila kujua.

Haya, tuuangalie mto wenyewe. Douro unaanzia milima ya Urbión nchini Uhispania, unasafiri kilomita 897, nao unaingia bahari ya Atlantiki kwenye mji wa Porto. Sehemu inayolimwa zabibu upande wa Ureno inaanza kama kilomita 100 hivi kutoka baharini, ikienda mashariki mpaka Barca d'Alva, mpakani na Uhispania.

Sasa, ukiulizwa katika mtihani hali ya hewa ya Ureno ni ipi, utaandika mstari mmoja: joto na ukavu wakati wa kiangazi, baridi na mvua wakati wa kipupwe. Utapewa alama zako na utafurahi. Mimi nasema jibu hilo linatosha kwa mtihani lakini halitoshi kwa mkulima. Bonde moja la Douro lina hali ya hewa zaidi ya moja, na hapo ndipo utamu wa habari yenyewe ulipo.

Karibu na mlango wa bonde imesimama milima miwili mikubwa: Marão upande wa kaskazini, wenye zaidi ya mita 1,400, na Montemuro upande wa kusini. Mawingu yanatoka Atlantiki yakiwa yamebeba maji kama akina mama wanaotoka kisimani. Yakifika kwenye milima hiyo, yanapanda, yanapoa, yanamwaga mzigo. Yakivuka ng'ambo, mitungi imebaki mitupu. Mwalimu wetu huita jambo hili kivuli cha mvua, nasi tuna mifano yake hapa hapa nyumbani.

Kwa hiyo bonde limegawanyika sehemu tatu. Ya kwanza ni Baixo Corgo, upande wa magharibi, karibu na mji wa Régua. Hapo mvua hufika karibu milimita 900 kwa mwaka, majani ni mabichi, na mizabibu imesongamana. Ya pili ni Cima Corgo, katikati, penye mji mdogo wa Pinhão. Hapo mvua ni kama milimita 650, na joto la Julai na Agosti huweza kupita nyuzi 40. Ya tatu ni Douro Superior, mashariki, ambako mvua hushuka hadi karibu milimita 400. Hiyo ndiyo sehemu kubwa kuliko zote kwa eneo, lakini mizabibu yake imetawanyika, maana nchi ni kavu. Huko utakuta milozi, ambayo huchanua maua meupe na ya waridi kipupwe kinapokwisha, na mizeituni inayovumilia kiu. Fikirieni! Unapanda treni Régua asubuhi ukiwa umejifunika kwa sababu ya manyunyu, na kabla ya saa sita unashuka Pocinho, nchi ya jua na vumbi. Mto ni ule ule, na bonde ni lile lile.

Wenyeji wana msemo wao kuhusu nchi hiyo. Husema wana miezi tisa ya kipupwe na miezi mitatu ya jehanamu. Sasa niambie, ndugu yangu wa kalenda, huko ndiko kupendelewa?

Na mambo hayaishii hapo. Ukitoka mtoni ukapanda mlima, kila mita 100 joto hupungua kwa zaidi kidogo ya nusu nyuzi. Shamba lililo ukingoni mwa maji na shamba lililo mita 500 juu yake ni kama nchi mbili tofauti. Zabibu za chini huiva upesi na kuwa tamu mno, na za juu huchelewa na kubaki na ukali wake. Tena kuna suala la uso wa mlima. Sisi tulio karibu na ikweta jua hutupitia utosini, likienda kaskazini miezi fulani na kusini miezi mingine. Ureno iko mbali kaskazini, kwenye latitudo ya 41 hivi, na huko jua husimama upande wa kusini mwaka mzima. Kwa hiyo mteremko unaoelekea kusini huchomwa, na ule unaoelekea kaskazini hupata nafuu. Watu wawili wanaweza kutazamana kutoka kingo mbili za mto, wakasalimiana kwa sauti, na mmoja akavuna siku nyingi kabla ya mwenzake.

Hapa nitawaambia jambo litakalowafurahisha wanafunzi wote. Mashamba ya Douro hufanya mtihani! Tangu miaka ya 1940, kila shamba limekuwa likipewa alama kwa kufuata mambo 12: aina ya udongo, urefu kutoka usawa wa bahari, ukali wa mteremko, uso wake unaelekea wapi, limekingwa na upepo au la, mizabibu ina umri gani, na kadhalika. Alama zikijumlishwa, shamba linapewa gredi kwa herufi, kuanzia A. Shamba la gredi A huruhusiwa kutoa zabibu nyingi zaidi kwa ajili ya mvinyo maarufu wa Port, na huo ndio wenye bei nzuri. Shamba lililo juu sana mlimani, penye baridi, hukatwa alama, na mwenyewe hujipanga nyuma ya foleni.

Lakini sikilizeni maajabu. Siku hizi dunia inazidi kupata joto, na Douro ni miongoni mwa mahali panapolisikia joto hilo vikali. Katika sehemu zenye joto zaidi, mavuno yaliyozoeleka kufanywa Septemba sasa mara nyingi huanza Agosti. Basi watengenezaji wa mvinyo wa kawaida wa mezani wanayatafuta yale mashamba ya juu, na yale yanayoelekea kaskazini, yaliyokuwa yakipata alama za chini. Yule wa gredi ya mwisho ndiye anayebishiwa hodi! Wenzangu mlio nyuma ya darasa, msikate tamaa. Na walimu wetu, naomba kwa heshima, mkumbuke kwamba gredi hupima kilichotakiwa siku ile ilipotolewa, na mahitaji ya kesho huenda yakawa mengine.

Sasa nije kwenye mawe, maana hayo ndiyo yaliyoanzisha ubishi.

Udongo wa Douro kwa hakika si udongo. Ni mwamba uitwao shisti, unaokatika vipande vyembamba kama kurasa za kitabu. Mkulima wa kwanza aliyetaka kupanda mzabibu pale hakukuta pa kuchimba shimo. Ilimbidi auvunje mwamba kwa mtaimbo na nyundo, vizazi vya baadaye wakatumia baruti, halafu vipande vikubwa akavipanga kuwa ukuta bila saruji, na vipande vidogo akavijaza nyuma ya ukuta viwe "udongo". Ukuta mmoja ukiisha, anapanda juu kidogo anaanza mwingine. Kuna matuta mengine ya zamani yaliyobeba mstari mmoja au miwili tu ya mizabibu. Ukuta mzima kwa ajili ya mstari mmoja! Wengi waliofanya kazi hiyo walikuwa vibarua maskini, wengine wakitoka Galicia kule Uhispania, na majina yao hayapo kwenye chupa yoyote.

Na mwamba huo mgumu, walipouelewa, ukawa rafiki. Shisti ina nyufa zinazoelekea chini, na mizizi ya mzabibu huzifuata nyufa hizo mbali sana ikitafuta maji ya mvua za kipupwe yaliyojificha. Ndiyo maana mzabibu unaweza kusimama mbichi mwezi wa Agosti, wakati nyasi juu yake zimegeuka majivu. Mchana mawe hunyonya joto, usiku huyatoa polepole, na zabibu huendelea kuiva. Mwenzetu alisema sisi tulipewa mawe. Namjibu: hata wao. Tofauti ni kwamba wao waliyauliza mawe yale, "Ninyi mnafaa kwa nini?"

Lakini jasho bila utaratibu huliwa na wajanja. Katika karne ya 18 mvinyo wa Douro ulipendwa sana Uingereza, na bei ilipopanda, walaghai wakaingia. Wengine walichanganya mvinyo wa mbali, wengine wakatia matunda ya porini ili kuupa rangi nzito. Sifa ikaharibika, bei ikaanguka, na mkulima ndiye aliyeumia. Ndipo mwaka wa 1756 waziri mwenye nguvu, Sebastião José de Carvalho e Melo, ambaye baadaye aliitwa Marquês de Pombal, akaanzisha kampuni ya kusimamia biashara hiyo, na mipaka ya eneo ikawekwa alama kwa nguzo za granaiti zaidi ya 300. Ni kati ya maeneo ya kwanza duniani kuwekewa mipaka namna hiyo. Sisemi Pombal alikuwa malaika. Watu wa Porto walipoandamana kuipinga kampuni hiyo mwaka wa 1757, aliwaadhibu vikali na wengine wakanyongwa. Ila wazo la kwamba jina la mahali ni mali ya watu wa mahali hapo, na lilindwe, hilo naliunga mkono kwa mikono miwili.

Kisha, katika miaka ya 1860, likaja balaa. Mdudu mdogo mno aitwaye filoksera, anayefyonza mizizi, aliingia bondeni. Mizabibu ilikauka mlima baada ya mlima. Matuta mengi yaliachwa kabisa, na mpaka leo unaweza kuyaona yamefunikwa na vichaka na mizeituni. Wenyeji wanayaita "mortórios", jina lenye harufu ya kifo. Ningeomba picha ya namna hiyo iwekwe kwenye kalenda, kando ya ile nzuri, ili tujue kwamba ngazi zile hazikai zenyewe.

Katika historia hiyo yumo mwanamke mmoja ambaye wasichana wa shule hii wanafaa kumjua: Dona Antónia Adelaide Ferreira, aliyezaliwa mwaka wa 1811 na kufariki mwaka wa 1896. Alifiwa na mumewe akiwa bado kijana, akashika biashara ya ukoo, na wakati wengine wanakimbia yeye alinunua mashamba na kupanda. Alithubutu kupanda hata mashariki, kwenye ile Douro Superior kavu ambayo wengi waliiogopa. Mwaka wa 1861 alikuwa ndani ya mashua pamoja na Joseph James Forrester, Mwingereza aliyechora ramani mashuhuri ya mto huo. Mashua ikapinduka kwenye mkondo mkali wa Cachão da Valeira. Forrester akazama. Dona Antónia akaokoka, na watu husimulia kwamba sketi yake pana ndiyo iliyomwelesha juu ya maji. Kama ni kweli au ni chumvi ya wasimulizi, sketi za siku hizi zisingemsaidia!

Mto ule ulikuwa mkali kweli. Mashua zao za kale, ziitwazo "rabelo", zilikuwa pana chini na zenye kasia refu la kuongozea nyuma, nazo zilishusha mapipa hadi Vila Nova de Gaia, mkabala na Porto. Kwa nini mvinyo haukukaa bondeni? Hali ya hewa tena! Bonde lina joto linalouzeesha mvinyo haraka, na Gaia iko karibu na bahari, ina ubaridi na unyevu. Zabibu zilitaka jua, mvinyo wenyewe ukataka kivuli, na mto ukawaunganisha. Baadaye reli ikafika Barca d'Alva mwaka wa 1887, na mabwawa ya umeme yaliyojengwa baada ya hapo yakautuliza mto. Yale maji yaliyolala kimya kwenye kalenda, kumbe yamelazwa.

Na kuhusu mabwawa, niruhusuni niwape kisa kinachotuhusu sisi wanafunzi. Katika miaka ya 1990 bwawa jingine lilianza kujengwa kwenye mto Côa, unaoingia Douro karibu na mji wa Vila Nova de Foz Côa. Ikagunduliwa kwamba miamba ya kingo zake ina michoro ya wanyama iliyochorwa na watu wa zama za mawe, maelfu kwa maelfu ya miaka iliyopita. Bwawa lingeifunika yote. Kelele zikapigwa nchi nzima, na wanafunzi wa sekondari ya mji huo walikuwa miongoni mwa waliopaza sauti. Mwishoni mwa mwaka wa 1995 serikali ikasimamisha kazi, na mwaka wa 1998 UNESCO ikaiweka michoro hiyo katika urithi wa dunia. Matuta ya mizabibu yenyewe yakafuata mwaka wa 2001. Anayesema sauti ya mwanafunzi ni kelele za chura aende akawaulize watu wa Côa.

Sasa najua mpinzani wangu ananoa ulimi. Atasema: "Wewe unaimba jasho, jasho, lakini watu wale walikuwa na soko la Uingereza. Walikuwa na mfalme na meli. Sisi tulikuwa na nini?" Hoja hiyo naikubali nusu. Ni kweli, jasho bila soko ni mchezo wa kupoteza. Mwaka wa 1703 Ureno na Uingereza zilitia sahihi mkataba uliopunguza ushuru wa mvinyo wa Ureno, na bila hilo huenda milima mingi isingepasuliwa kamwe.

Tena naongeza jingine, ambalo nyanya yangu alinifundisha. Sisi watu wa Murang'a tunayajua matuta. Mama yake nyanya alikuwa miongoni mwa wanawake waliochimbishwa matuta kwa lazima wakati wa ukoloni, asubuhi baada ya asubuhi, bila malipo. Watu wakachoka. Mwaka wa 1947 na wa 1948 kazi hiyo ilikataliwa Murang'a, na wanawake walikuwa mstari wa mbele kuikataa. Nyanya husema tuta lenyewe halikuwa na kosa. Kosa lilikuwa ni kushurutishwa kulichimba. Mtu anapochimba tuta bila kujua faida yake ni ya nani, huliacha siku askari akigeuza mgongo.

Na jambo hilo ndilo linaloitishia Douro leo. Wakulima wake ni maelfu, wengi wao wana hekta moja au mbili tu. Kila mwaka hutangaziwa pipa ngapi zitaruhusiwa kugeuzwa kuwa Port. Mwaka wa 2022 zilikuwa 116,000. Mwaka wa 2025 zikashushwa hadi 75,000, kwa sababu wanywaji wa Port duniani wanapungua. Mkulima mdogo anabaki na zabibu ambazo bei yake pengine haifidii gharama ya kuzichuma. Trekta haliwezi kupanda ngazi nyembamba za mawe, kila kitu ni mkono na mgongo. Vijana wanahama. Watalii wanakuja kwa meli za starehe, wanapiga picha, wanasema "Lo, uzuri ulioje!" na wanaondoka. Picha haiwezi kurudisha jiwe lililoanguka. Kama anayeujenga ukuta hawezi kuishi kwa ukuta huo, basi miaka ijayo kalenda ya Septemba itakuwa na picha ya vichaka.

Kwa nini nimejitesa na habari za watu wa mbali? Kwa sababu ya shamba letu la mteremko. Babu alilitengenezea matuta kwa hiari yake, akapanda nyasi kwenye kingo. Babu alipofariki, matuta yakaachwa. Likizo iliyopita nilimsaidia baba mdogo kulima, nikamwuliza mbona hatuyarudishii. Akanijibu, "Mwanangu, hii ni ardhi ya mawe tu. Ukimaliza shule utafute kazi mjini." Usiku huo mvua ilinyesha, na asubuhi nikauona mto wetu ukiwa mwekundu. Ule wekundu ulikuwa shamba la babu likisafiri. Sikuwa na neno la kumwambia baba mdogo. Leo ninalo, ndiyo maana naliandika hapa, na nitampelekea nakala ya jarida hili.

Simwambii apande mizabibu. Hali yetu si ya Douro, na mwiga tembo hupasuka msamba. Ninachosema ni kwamba tuache kuitazama ardhi kwa jicho la jumla. Tuulize: mteremko huu unatazama wapi? Juu na chini vinatofautiana vipi? Mvua inaishia wapi? Jiwe hili linashika maji au linayapoteza? Mkulima wa Pinhão anajua majibu hayo kwa kila hatua ya shamba lake, na ndiyo yanayomwezesha kuvuna katika miezi ile mitatu ya jehanamu. Sisi tunajua jina la hali ya hewa ya Ureno, lakini hatujui ya shamba letu wenyewe.

Kwa hiyo nina maombi mawili. La kwanza, kwa walimu wetu wa Jiografia: mwaka ujao mtutoe darasani, mtupeleke kwenye mlima ulio nyuma ya shule na kipimajoto kimoja chini na kimoja juu, na chupa tupu za kupimia mvua. Gharama yake si kitu. La pili, kwa mwenzangu wa kalenda, ambaye najua anasoma hapa huku akicheka: ukurasa wa Septemba ukifika, usipindue haraka. Tazama ngazi zile moja moja, uhesabu. Kila moja ni mgongo wa mtu.

Naomba kutoa hoja.

Mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Nne